Gari Yako Inaandika Kila Kitu: Maswali Yenu ya Koodi, Taa na Vidude vya Dashibodi

Salaam wasomaji. Mwezi huu maswali ni mengi na karibu yote yanazunguka hizi kompyuta zilizoko ndani ya gari, manake gari zinazoshuka bandari ya Mombasa sai na kuja huku kwetu Malindi si zile za kabureta tena, kila kitu kinaandikwa mahali, na sisi wenye gari hatujui kinaandikwa nini wala wapi. Mimi ni fundi wa waya, kazi yangu iko hapa hapa Malindi, na nitasema wazi kitu kinachoniuma: naletewa gari ikiwa imeshafutwa kumbukumbu zote na mtu ambae hakuzisoma. Kwa hivyo nimeanza na hilo. Maswali yaliyofanana nimeyaunganisha.

SWALI: Assalamu alaikum fundi. Naendesha teksi kati ya Malindi na Watamu. Taa ya injini ile ya manjano iliwaka, nikaenda kwa fundi mmoja akachomoa waya wa betri, akakaa kama robo saa, akarudisha, taa ikazima nikamlipa. Siku ya tatu ikawaka. Nikaenda kwa mwengine, nae akachomoa. Sasa ni mara ya nne na gari imeanza kutetemeka nikisimama. Nimeambiwa ninunue plagi zote, koili zote na sensa mbili. Je ni kweli? — Dereva wa teksi, Watamu

JIBU: Waalaikum salaam ndugu yangu. Usinunue kitu. Weka pesa mfukoni na usikubali mtu mwengine aguse ule waya wa betri kabla gari haijasomwa.

Taa ile ikiwaka maana yake kompyuta ya injini imeona kitu hakiko sawa na imekiandika. Inaandika mambo mawili. La kwanza ni koodi, kwa kawaida ni herufi moja na tarakimu nne, ikianza na P ni injini au giaboksi, C ni breki na mambo ya chini ya gari, B ni bodi kama vile eabegi, U ni kompyuta zenyewe kwa zenyewe hazisikizani. La pili ndilo watu wengi hawalijui, ni picha ya ule wakati tatizo lilipotokea: speedi ilikuwa ngapi, injini inazunguka mara ngapi kwa dakika, maji yana joto gani, injini ilikuwa inabeba mzigo kiasi gani. Ukichomoa betri, kwa gari nyingi vyote viwili vinaondoka, na kompyuta inasahau pia yale iliyojifunza kuhusu injini yako, inaanza upya. Taa inazima, ndio, lakini ugonjwa uko pale pale na ushahidi umeshatupwa. Ni kama kufuta ujumbe kwenye simu kabla hujausoma halafu unaanza kuuliza watu alikuwa anasema nini.

Nikupe mfano wa juzi juzi. Gari ndogo ya stesheni ililetwa hapa inatetemeka asubuhi tu, ikishapata moto inatulia. Mwenyewe anabeba samaki. Nikachomeka mashine ya kusomea koodi, koodi ni P0302, yaani silinda ya pili inakosa kuchoma. Nikafungua ile picha: speedi 0, mizunguko 780, maji nyuzi 33. Nyuzi 33 hapa Malindi ni gari iliyolala usiku kucha, ndio kwanza imepigwa stati. Nikamuuliza jana ulifanya nini, akanambia jioni nilioshesha injini kwa pampu manake harufu ya samaki ilikuwa imezidi. Nikang'oa koili ya silinda ya pili, ile inayoipa plagi cheche, kile kisima ambamo plagi inakaa kina maji, na shingo ya plagi imeshashika kutu rangi ya chungwa. Tukavuta maji, tukapuliza kwa kompresa, koili tukaikausha, plagi moja tukabadilisha. Akaondoka. Bila ile nyuzi 33 pengine na mimi ningeanza kumuuliza habari za pampu ya mafuta.

Kwa hivyo yako ifanye hivi. Taa ikiwaka tena iache iwake, nenda kwa mtu mwenye mashine, mwambie akusomee koodi na picha na upige picha skrini kwa simu yako. Ikiwa ni P0301, P0302 na kuendelea, tarakimu ya mwisho ni namba ya silinda. Hapo fundi ahamishe koili ya silinda hio aiweke kwa silinda ya jirani. Koodi ikihama nayo, koili ndio mbovu, unanunua moja. Ikibaki pale pale, angalia plagi, kisha nozeli, kisha kompresheni. Ikiwa ni P0300 inamaanisha zinakosa kuchoma ovyo ovyo bila silinda maalum, na hapo mara nyingi ni kitu kinachoshirikiwa na silinda zote, mafuta au hewa inayoingia kwa njia ya wizi.

Na kitu muhimu sana hapa, koodi haisemi "badilisha kitu fulani". Inasema pale ndipo kompyuta ilipolalamika. P0171 ni hewa nyingi kuliko mafuta, watu wanakimbilia sensa ya oksijeni kumbe ni mpira wa hewa umepasuka kwa joto, wa bei ndogo tu. P0420 ni kataliti kwenye sailensa haisafishi moshi kama inavyotakiwa, lakini hata bomba la moshi likivuja karibu na sensa inaweza kuandikwa hio hio. Fundi anaesoma koodi na hapo hapo anakuandikia spea bila kufungua boneti, muombe kwa heshima akuoneshe kwanza.

Taa ikiwaka imetulia unaweza kwenda nayo polepole mpaka gereji. Ikiwa inapepesa, inawaka inazima inawaka inazima wakati gari inatetemeka, punguza mwendo na usiilazimishe, mafuta yasiyochomwa yanaenda kuunguza kataliti na hio bei yake utalia.

Ile soketi ya kuchomekea mashine iko chini ya usukani upande wa magoti, ina matundu 16. Marekani waliilazimisha kwa gari zote ndogo za kuanzia modeli ya 1996, Ulaya kwa petroli kuanzia 2001, na hizi zetu za Kijapani za miaka hii zinayo. Vile vifaa vidogo vya blututhi vinavyosoma kupitia simu vinatosha kwa koodi za injini, kwa dereva wa teksi ni kitu kizuri kuwa nacho. Lakini usikiache kimechomekwa usiku kucha, kinakula betri, na cha bei rahisi mtu yeyote aliye karibu anaweza kujiunga nacho. Koodi za eabegi na ABS, yaani breki zinazozuia magurudumu kujifunga, kwa kawaida hazionekani kwa vile vidogo, hizo zinataka mashine kubwa.

SWALI: Fundi mwanangu, mwanangu wa kwanza amenitumia gari kutoka Mombasa, Mungu ambariki, lakini kila nikiiwasha kuna mwanamke anazungumza Kijapani. Anasema nini? Na redio inashika stesheni moja mbili tu, simu yangu inashika zote. — Mama, Muyeye

JIBU: Shikamoo mama, na hongera kwa gari. Yule mwanamke anakwambia kadi ya ETC haijaingizwa. Kule Japani barabara kubwa zinalipiwa, na gari zinapita getini bila kusimama kwa sababu ya kadi inayoingia kwenye kijisanduku kidogo, mara nyingi kiko chini ya dashibodi karibu na goti la dereva, au ndani ya kile kisanduku cha glavu, au juu kwenye kile kibao cha kuzuia jua. Huku hakina kazi. Fundi wa waya anakichomoa soketi yake kwa dakika chache na gari haidhuriki kitu. Asikate waya tu, achomoe soketi.

Redio nayo haina ubovu. FM ya Japani ilipangwa kuanzia 76 mpaka 90, siku hizi wameiongeza kufika 95, na sisi Kenya tunatumia 87.5 mpaka 108. Kwa hivyo hizo stesheni unazozipata ni zile zilizo pale zinapokutana. Kuna kijisanduku kinafungwa kwenye waya wa antena kinachozishusha stesheni zetu ziingie kwenye redio yako, lakini uliza kinashusha kwa ngapi kabla hujalipa. Kikishusha kwa 12, stesheni ya 100 utaipata kwenye 88, na zile za juu kama 106 hazitaonekana kama redio yako inaishia 90. Kama stesheni unayoipenda wewe na majirani iko juu kule, chukua kinachoshusha kwa 18, ama ubadilishe redio kabisa. Muandikie fundi stesheni tatu unazozipenda kwenye karatasi, achague kwa hizo.

SWALI: Salaam fundi. Mimi niko Lamu, na unajua kisiwani kwetu usafiri ni miguu, punda na maboti, kwa hivyo gari naiacha bara, Mokowe, navuka. Nikikaa wiki tatu nne nikirudi imekufa, haipigi hata honi. Betri ni mpya. Nikashauriwa niwe nachomoa betri, nikachomoa, sasa redio inanionesha maandishi ya Kijapani na nafasi ya kuandika namba, na kioo cha dereva hakipandi chenyewe kwa kugusa mara moja. Nimeharibu? — Mwalimu, Lamu

JIBU: Hujaharibu mwalimu. Tufanye hesabu pamoja, wewe ni mwalimu utaifurahia. Gari ya siku hizi ikizimwa hailali kabisa, kuna kompyuta inasubiri ufunguo, saa inatembea, alamu iko macho. Gari nzima ya afya inakula kama miliampia 20 mpaka 50 ikiwa imezimwa. Chukua 50. Kwa saa 24 ni ampia-saa 1.2. Kwa siku 30 ni 36. Betri ya NS60 ambayo gari nyingi ndogo zinafunga hapa ina ampia-saa kama 45 ikiwa imejaa, na mpya. Kwa hivyo ukirudi imebaki 9, haiwezi kupiga stati. Na hapo sijaweka kifaa cha kufuatilia gari ambacho gari nyingi zilizonunuliwa kwa mkopo zinakuwa nacho, wala kamera ya barabarani iliyofungwa moja kwa moja kwa betri. Mwambie fundi aunganishe mita kwenye waya wa hasi gari ikiwa imefungwa na asubiri nusu saa hivi mpaka kompyuta zote zilale ndio asome. Akiona miliampia 300, kuna kitu kinaiba na achomoe fyuzi moja moja mpaka akipate.

Ikiwa usomaji ni wa kawaida, kuchomoa hasi ndio dawa ya mtu wa Mokowe. Hasi ndio inatoka kwanza na hasi ndio inarudi mwisho. Ila hakikisha umeshasomewa koodi zozote kabla, nimesema hapo juu, na ujue kwamba redio nyingi za asili za Kijapani zimefungwa kufuli la wizi, zikikosa umeme zinaamini zimeibiwa kwenye gari. Ile namba inapatikana: wanaofanya kazi hii wanachukua namba ndefu ambayo redio inaionesha kwenye skrini pamoja na modeli yake, wanakupa namba ya kufungulia. Usibahatishe mara nyingi, nyengine zinajifunga zaidi. Na kadi ndogo ya ramani iliyoko nyuma ya skrini usiitoe wala usiifute kuweka nyimbo, zipo redio ambazo bila kadi yake haziwaki tena. Ukishaifungua, iandike namba kwenye daftari uihifadhi na logibuku.

Kioo ni rahisi. Kishushe mpaka chini, kipandishe kwa kushikilia swichi, na kikifika juu endelea kushikilia sekunde kadhaa. Kimeshajua mwisho wake uko wapi. Fanya hivyo kila mlango.

Na ufunguo wa kubonyeza usiuache karibu na gari, kama umemuachia mtu hapo Mokowe auweke nyumbani kwake mbali kidogo, manake ukiwa jirani gari nyengine zinaendelea kuzungumza nao. Halafu angalia vichwa vya betri, kwa upepo wa bahari pale gatini ule unga mweupe na kijani unaota haraka. Maji ya moto, brashi, kausha, grisi kidogo juu.

SWALI: Fundi, kila nikitoka Mombasa usiku, kuanzia Kilifi kuja huku wanaokuja mbele wote wananipigia fulu na mimi niko dimu wallahi. Nimefunga balbu za LED nyeupe, taa ni kali safi. Kuna kigurudumu kidogo kushoto kwa usukani kina 0 mpaka 5, nimeweka 0 nione mbali. Na kuna taa za OTO sizielewi, mchana zinawaka zenyewe. — Mwenye gari, Mambrui

(Kuna dada wa Gede nae ameuliza kwa nini taa zake zimekuwa hafifu ingawa balbu ni mpya, nitamjibu humu humu.)

JIBU: Kaka, hili nataka tulikalie manake barabara ile ni nyembamba, boda boda nyengine hazina taa ya nyuma, kuna watu wanatembea pembeni na kuna punda, na mtu aliyepofushwa kwa sekunde mbili tu akiwa kilomita 80 ameshatembea mita 44 haoni kitu.

Balbu kwanza. Kile kioo cha ndani ya taa kilichongwa kwa ajili ya waya mdogo wa halojeni unaowaka mahali pamoja hasa, na mwanga ukagawiwa kwa hesabu. LED ya kufungia juu kwa juu mwanga wake unatoka sehemu nyengine na kwa umbo jengine, kwa hivyo kile kioo kinautawanya. Wewe unaona mwanga mwingi mbele ya boneti na majani ya pembeni yanang'aa, unadhani unaona vizuri, kumbe mbali umepunguza na juu umetupia watu machoni. Gari iliyotoka kiwandani na LED iko tofauti, taa yake nzima ilitengenezewa hio. Ushauri wangu rudisha halojeni nzuri ya wati zile zile zilizoandikwa.

Kile kigurudumu si cha nguvu ya taa. Wengi wanadhani 5 ni kali na 0 ni hafifu. Ni cha kuinamisha taa. 0 ni dereva peke yake au na mtu mmoja mbele. Ukipakia watu nyuma na mizigo buti, mkia wa gari unashuka, pua inainuka, taa zinaangalia minazi, kwa hivyo unapandisha namba ndio taa zishuke. Wewe ukitoka Mombasa umejaza familia na magunia ukiwa 0, hata halojeni itawapofusha watu.

Pima kwa ukuta. Mimi nina ukuta wangu hapa gereji umechorwa chaki na ndio kifaa changu cha taa cha kila siku. Sakafu iwe sawa, matairi yana upepo sawa, mtu mmoja akae kiti cha dereva, kigurudumu kiwe 0, gari iwe mita 10 kutoka ukutani. Pima kutoka chini mpaka katikati ya taa, tuseme umepata sentimita 65. Chora mstari ukutani wa sentimita 65. Washa dimu. Ukingo wa juu wa mwanga, pale mwanga unapokatika na giza linaanza, uwe kama sentimita 10 chini ya mstari wako, na upande wa kushoto ule ukingo unapanda kidogo kama mkono ulioinuliwa, huo unamulika ukingo wa barabara na watembea kwa miguu. Japani wanaendesha kushoto kama sisi ndio maana taa zao zinatufaa. Mtu akikuuzia taa iliyotumika kutoka nchi wanayoendesha kulia, ule mkono unapanda kulia, moja kwa moja kwenye macho ya anaekuja. Ukitazama ukuta na huoni ukingo wowote, ni ukungu tu wa mwanga mpaka darini, hio ndio balbu uliyofunga.

Gari zenye taa kali za kiwandani kwa kawaida hazina kigurudumu, zinajiinamisha zenyewe kwa kusoma sensa iliyofungwa kwa saspenshen ya nyuma kwa kikono kidogo cha chuma. Huku pwani kikono hicho kinaliwa na chumvi, kinakwama au kinakatika, na taa zinabaki zinaangalia chini ya bampa au juu mitini. Ukiona taa zimebadilika ghafla na balbu hujagusa, ingia chini uangalie hapo kwanza.

OTO, imeandikwa AUTO, ni kama hivi: kuna kidoti cheusi juu ya dashibodi karibu na kioo cha mbele, kinahisi giza. Ukitandika kitambaa kizuri cha dashibodi ukakifunika, gari inaamini ni usiku. Toboa tundu au sogeza kitambaa. Japani wamelazimisha OTO kwa modeli mpya kuanzia Aprili 2020, kwa hivyo kwa modeli hizo hutaweza hata kuizima kabisa ukiwa mwendoni gizani, na hilo kwangu ni zuri. Lakini ile nyengine, ya fulu kujiwasha na kujidimu yenyewe, ya kamera nyuma ya kioo cha kati, usiiachie barabara yetu. Kamera inatafuta taa za gari nyengine. Mtu anaetembea, baiskeli isiyo na taa, punda, haiwajui, na wao ndio unaowamulikia machoni. Dimu kwa mkono wako.

Dada wa Gede, hebu shika kioo cha taa kwa kidole, kama kimekuwa cha manjano na kina ukungu, ni jua. Ile ni plastiki yenye ngozi nyembamba ya kuilinda, ngozi ikishaisha inazeeka haraka. Inasuguliwa kwa msasa laini na maji kisha inapigwa rangi angavu ya kuzuia jua. Ile ya kusugua kwa dawa ya meno inang'aa wiki chache halafu inarudi mbaya zaidi kwa sababu hujaweka ngozi mpya.

SWALI: Nauza gari yangu ninunue nyengine. Kuna kitu changu kinabaki ndani? Na hio ninayonunua nitajuaje kilomita hazikurudishwa nyuma? — Msomaji, Malindi mjini

JIBU: Kinabaki, tena kingi. Nimewahi kuwasha skrini ya gari iliyouzwa hapa nikakuta majina yote ya simu ya mwenyewe wa zamani, nyumbani kwake kwenye ramani kumewekwa alama, na orodha ya aliowapigia mpaka siku ya mwisho, kuna namba imeandikwa "daktari wa mtoto". Nikamfutia. Ukiuza, ingia kwenye mipangilio ya skrini, futa simu zote zilizounganishwa, futa kumbukumbu za ramani, kisha rudisha hali ya kiwandani. Kama menyu ni ya Kijapani elekeza kamera ya simu yenye programu ya tafsiri juu ya skrini. Na memori kadi ya kamera ya barabarani toa.

Funguo nazo zinaandikwa ndani ya gari. Ukinunua gari ya ufunguo wa kubonyeza muulize fundi mwenye mashine funguo ngapi zimesajiliwa. Akisema tatu na wewe umepewa mbili, wa tatu unafungua gari yako popote ulipo, ufutwe.

Kilomita: zinakaa kwenye ile sehemu ya mita, na kwa gari nyingi kompyuta nyengine nazo zina hesabu zake, kwa hivyo mwenye mashine nzuri analinganisha. Lakini mimi naanza na mlango wa dereva. Fungua, tazama pembeni na kwenye nguzo, mara nyingi kuna stika ndogo ya Kijapani ya kubadilisha oili yenye tarehe na kilomita. Mwaka wao ukiwa R3 ni Reiwa ya 3, jumlisha 2018 unapata 2021. Ukiwa H28 ni Heisei, jumlisha 1988, ni 2016. Stika inasema 96,000 mwaka 2021 na mita inasema 71,000 leo, umemaliza kazi, rudi nyumbani. Angalia pia tarakimu nne kwenye tairi, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na raba ya pedeli ya breki, raba ikiwa imelika mpaka chuma na mita inasema 50,000 uliza maswali. Sheria yetu hairuhusu kuleta gari iliyopita miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza, lakini miaka 8 inatosha sana kutembea kilomita laki mbili.

SWALI: Ni kweli gari inajua nilikuwa nakimbia kiasi gani nikigonga? — Kijana, Maweni

JIBU: Gari nyingi za miaka hii, ndio. Kompyuta ya eabegi inahifadhi kama sekunde 5 za kabla ya kugonga, speedi, ulikanyaga breki au hukukanyaga, mguu ulikuwa kwa mafuta kiasi gani, mkanda ulifungwa au la. Ulaya wamelazimisha kwa modeli mpya Julai 2022 na kwa kila gari mpya inayouzwa Julai 2024. Hairekodi sauti wala haikufuati kila siku, ni tukio lile tu. Na kama umegongwa ukiwa na haki, hio kompyuta ni shahidi wako, usiruhusu iondolewe na kuuzwa spea kabla bima hawajamaliza. Kile kitufe cha SOS juu ya paa lakini usikitegemee, huduma yake ilikuwa ya Japani.

SWALI: Kitufe cha SNOW ni cha nini huku kwetu? Na nikikwama mchangani ufuoni mbona gari inakataa nguvu kabisa? — Mvuvi, Malindi

JIBU: SNOW inalainisha mguu wa mafuta na gari nyengine inaondokea gia ya pili, magurudumu yasizunguke ovyo kwenye barafu. Inasaidia kwenye tope la utelezi mvua za masika. Mchangani mambo ni kinyume, pale kinachokuzuia ni ile kompyuta ya kuzuia mtelezo, magurudumu yakianza kuzunguka inakata nguvu ya injini na kubana breki, unakwama. Tafuta kitufe chenye picha ya gari iliyoacha alama za mawimbi, kibonyeze, kwa gari nyengine unakishikilia kama sekunde tatu gari ikiwa imesimama mpaka taa ya OFF itokee. Punguza upepo wa tairi, chimbua mchanga mbele ya magurudumu, usukani uwe umenyooka, toka polepole bila kukanyaga sana. Ukishafika pagumu kibonyeze tena taa izime, na upepo urudishe kabla hujakimbia kwenye lami.